Pazia la Kijani na Meli ya Matofali

(Somo la redio kwa madarasa ya kisomo ya watu wazima, Kibondo na Kasulu. Kabla ya saa ya kusikiliza, mwalimu wa darasa aweke mezani karatasi moja ya kijani, vibiriti vitupu vitatu, na ubao wa kuandikia hesabu.)

Wale wa nyuma kama hawasikii vizuri wasogee mbele karibu na redio.

Somo la leo limetokana na swali la mama mmoja wa darasa la Kasulu. Sitamtaja jina, kwa kuwa ameniomba nisimtaje. Mama huyu alionyeshwa katika simu ya mkononi picha ya mtu aliyevaa suti. Mtu yule alikuwa amesimama mbele ya jengo kubwa lenye bendera, akisema kwamba wakulima wa maharage watapewa mkopo, ila kila mtu atangulize shilingi 40,000 za fomu. Mama akatuma fedha. Mkopo haukuja. Alipokwenda kuuliza, aliambiwa kwamba hapakuwa na mkopo wa namna ile, wala mtu yule hajulikani pale. Basi akaja darasani akasema: "Mwalimu, jengo lile mimi nalijua, nimepita mbele yake mara nyingi. Na mtu nimemwona kwa macho yangu amesimama pale. Mtu anasimamaje mahali ambapo hayupo?"

Ningaliweza kumjibu, "Ni ujanja wa kompyuta, mama," tukaendelea na kusoma. Lakini jibu la namna hiyo halimfundishi mtu kitu. Nikaona afadhali tufanye sisi wenyewe jambo lile lile kwa mikono yetu, kwa vitu vidogo vya kuchezea, tuone linavyokwenda. Tukakubaliana kutengeneza sinema fupi ya meli ya Liemba ikisafiri katika Ziwa Tanganyika, nasi tukiwa chumbani Kasulu, mahali pasipo na ziwa.

Kwa nini Liemba? Wazee wengi wa mkoa wetu wa Kigoma wanaijua, na wengine wamepanda. Tena meli ile yenyewe ililetwa vipande vipande. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaitwa Graf von Götzen. Kisha ikafunguliwa, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari, na kutoka huko ikaja Kigoma kwa reli. Kigoma ikaunganishwa upya, na mwaka 1915 ikashushwa majini. Ukifikiri, ni kama mtoto anavyojenga kwa matofali ya kuchezea, kipande juu ya kipande.

Matofali ya kuchezea tuliyotumia ni ya namna mbili. Ya kwanza ni yale ya plastiki yenye vichwa vidogo juu, ambayo hubanana yakipandishwa. Kampuni ya LEGO ya Denmark iliomba hati ya kuyamiliki mwaka 1958, na watu wa Denmark pia walikuwa wa mbele kuyafanyia sinema: Lars na Henrik Hassing walitengeneza yao ya safari ya mwezini mwaka 1973. Hayo ya plastiki tuliazima kwa mtoto wa jirani, nayo yalikuwa machache. Namna ya pili tulifinyanga wenyewe kwa udongo wetu mwekundu, kila tofali ukubwa wa kidole gumba, tukayakausha kivulini yasipasuke. Mtaona baadaye kwamba yale ya udongo ndiyo yaliyotusaidia zaidi.

Sasa, meli ya udongo haina injini. Itakwendaje?

Mwalimu wa darasa, weka kibiriti kimoja mezani. Darasa litazame. Sasa wote wafumbe macho. Mwalimu, sogeza kibiriti upana wa ukucha. Fumbueni. Fumbeni tena, asogeze tena. Fumbueni. Mmekiona kibiriti mara tatu mahali patatu, wala hamkuona mkono uliokisogeza. Sinema ya matofali ni hivyo hivyo. Kamera hupiga picha moja, mtu husogeza meli kidogo, kisha huondoa mkono, na kamera hupiga picha nyingine. Picha zikionyeshwa upesi upesi kwa kufuatana, jicho huziunganisha, na meli huonekana inakwenda.

Sinema za majumba makubwa huonyesha picha 24 kwa sekunde moja. Kwa matofali, picha 12 zatosha. Andikeni ubaoni: sekunde 1 ni picha 12. Sekunde 10 ni picha 120. Dakika 1, yaani sekunde 60, ni picha 720. Meli yetu tuliisogeza nusu sentimita kila picha. Kwa hiyo katika sekunde 10 ilisafiri sentimita 60, na meza yetu ilikuwa na sentimita 80. Nawaambieni hesabu hii mapema kwa sababu watu wengi huanza kazi hii kwa furaha, na wakifika picha ya arobaini mgongo unauma na mtu mmoja ametikisa meza. Ikitikiswa, mnaanza upya.

Haya, meli inakwenda, lakini inakwenda juu ya meza, na nyuma yake ni ukuta wa darasa. Twataka nyuma yake paonekane ziwa. Hapa ndipo pazia la kijani linapoingia.

Picha katika simu si kitu kimoja. Ni nukta nyingi sana, ndogo kuliko punje za ulezi, zilizopangwa safu kwa safu. Kila nukta ina namba tatu. Ya kwanza yaonyesha wekundu ni kiasi gani, ya pili ukijani, ya tatu ubuluu. Kila namba huanzia 0, hata kufika 255. Tuseme nukta moja ya tofali letu la udongo ina wekundu 150, ukijani 80, ubuluu 50. Na nukta moja ya karatasi ya kijani ina wekundu 40, ukijani 180, ubuluu 60. Andikeni safu hizo mbili ubaoni, moja chini ya nyingine.

Programu ya kompyuta au ya simu haijui meli ni nini. Haijui ziwa wala karatasi. Wewe huiambia neno moja tu: "Kila nukta ambayo ukijani wake umezidi mno rangi nyingine, itoboe." Nayo hufuata. Nukta ya udongo huachwa. Nukta ya karatasi hutobolewa. Ikimaliza, picha imebaki na meli tu, na pembeni ni tundu tupu, kama picha ya gazeti iliyokatwa kwa mkasi. Kisha huweka chini yake picha nyingine, na popote penye tundu picha ya chini huonekana. Picha yetu ya chini ilikuwa ya Ziwa Tanganyika, aliyotupigia kijana mmoja aliyeko Kigoma, akatutumia kwa simu.

Mzee mmoja aliuliza swali la maana: "Na ile miti ya ufukweni katika picha ya ziwa, si ya kijani? Mbona haikutobolewa?" Jibu ni kwamba mkasi hupita katika picha ya juu tu. Picha ya chini haiguswi. Lakini ukiweka jani la mgomba mezani karibu na meli, hilo litatoboka, maana liko katika picha ya juu. Mimi mwenyewe nililipata jambo hili kwa aibu. Siku moja nilisimama nyuma ya meza nikiwa nimevaa sweta la kijani, ili niwaeleze watu habari ya meli. Tulipotazama, kichwa changu na mikono yangu vilikuwa vinaelea juu ya maji, na kiwiliwili hakipo. Darasa lilicheka hata saa ya kwenda nyumbani.

Kwa nini basi ichaguliwe kijani, isichaguliwe nyekundu au nyeusi? Mwili wa mtu, awe mweusi awe mweupe, una wekundu mwingi kuliko ukijani. Kwa hiyo pazia jekundu lingekula uso pamoja na ukuta. Zamani, katika sinema za mkanda, walitumia buluu. Bwana Larry Butler aliitumia katika sinema ya The Thief of Bagdad ya mwaka 1940, akapewa tuzo. Kijani kimetawala tangu kamera kuwa za kidijiti, kwa sababu ndani ya kamera hizo vyumba vidogo vya kupokea mwanga hupangwa vinnevinne: viwili vya kijani, kimoja cha nyekundu, kimoja cha buluu. Kamera basi huona kijani kwa usafi zaidi. Lakini kijani si sheria. Kama kitu chako ni cha kijani, tumia karatasi ya buluu. Yafaa rangi yoyote ambayo kitu chako hakina.

Hapo matofali ya plastiki yalituletea taabu. Wale watu wadogo wa plastiki wana nyuso za manjano. Manjano katika namba ni wekundu mwingi na ukijani mwingi pamoja, basi iko jirani na kijani. Nahodha wetu alipoteza kipande cha shavu. Tena plastiki hung'aa, na kinachong'aa huakisi rangi iliyo karibu. Ukingo wa bomba la moshi ulikuwa na mstari wa kijani, kama ukoga wa maji. Udongo wetu hauna mng'ao, na wekundu wake uko mbali na kijani. Meli ya udongo ilikatika safi, ukingo kwa ukingo. Nasema hivi kwa wale wanaodhani kwamba kitu kilichotoka dukani lazima kiwe bora.

Dawa ya ule mstari wa kijani ni kuiweka meli mbali na pazia. Kwanza tuliiegemeza karibu kabisa. Baadaye tuliivuta mbele urefu wa mkono mmoja, na mstari ukapungua sana.

Sasa nataka tukae kidogo katika habari ya mwanga, kwa sababu hapo ndipo wengi hushindwa. Pazia letu la kwanza lilikuwa kitenge cha kijani. Kilikuwa na maua ya manjano, tukakigeuza nyuma, lakini maua yalionekana bado. Tena kilikuwa na makunyanzi. Kila kunyanzi hufanya kivuli, na kivuli hubadili namba. Nukta iliyokuwa na ukijani 180 ikawa na ukijani 50, wekundu 15, ubuluu 20. Kwa programu, hiyo karibu ni nyeusi, basi haikutobolewa. Ziwa letu likawa na michirizi meusi angani. Mtu mmoja akashauri tutumie chandarua cha kijani. Nilikataa, kwanza kwa sababu kina matundu na ukuta huonekana, na pili kwa sababu chandarua kazi yake ni kuzuia mbu. Mwishowe tulinunua karatasi ngumu za kijani zisizong'aa, tukazigandisha ukutani, tukaziteremsha mezani kwa kuzikunja taratibu bila kufanya kona. Kwa kitu kidogo kama meli ya matofali karatasi ni bora kuliko nguo.

Mwanga wa dirishani nao ulitusumbua. Ninyi mnajua mawingu ya Kasulu wakati wa masika, jua hutoka na kujificha kama mtoto mwenye haya. Macho yetu huzoea, hatuoni tofauti. Kamera huiona. Katika picha ya kwanza karatasi ni angavu, ya tano ni giza, ya nane ni angavu tena. Ukionyesha sinema, yote inapepesa. Tuliamua kufunga madirisha na kufanya kazi usiku kwa taa mbili za umeme zilizoelekezwa kwenye karatasi na moja iliyoelekezwa kwenye meli. Simu tuliifunga kwa mpira juu ya tofali la kujengea nyumba. Kisha tulibonyeza kioo kwa kidole na kukishikilia, ili kamera isijibadilishie mwanga yenyewe kila picha. Na kwa kupiga, hatukuigusa simu. Tulitumia kitufe kilicho katika waya wa kusikilizia, ambacho katika simu nyingi hupiga picha. Programu tuliyotumia yaitwa Stop Motion Studio, nayo ina sehemu ya pazia la kijani.

Lipo jambo moja zuri ambalo karatasi iliyochorwa haiwezi. Mwaka 1916, wakati wa vita, Wajerumani waliizamisha meli ile wenyewe karibu na mlango wa Mto Malagarasi, isichukuliwe na adui. Kabla ya kuizamisha walipaka injini grisi nzito. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua, na mwaka 1927 ikaanza tena kusafiri kwa jina la Liemba. Darasa lilitaka kuonyesha kuzama kule. Udongo ukitiwa majini huyeyuka. Tukafanyaje? Tuliiweka meli juu ya rundo la vipande vya karatasi ngumu. Mbele ya rundo tukasimamisha ubao mwembamba uliofunikwa karatasi ya kijani, wenye kimo sawa na rundo. Kila baada ya picha tuliondoa kipande kimoja chini ya meli, nayo ikashuka kidogo nyuma ya ubao. Programu ikatoboa ubao wote, na mahali pake likaonekana ziwa. Kwa hiyo meli ilionekana inaingia majini taratibu mpaka bomba la moshi likapotea. Palikuwa na kimya chumbani. Kila mmoja alijua kwamba ni udongo, karatasi na ubao, na alikuwa ameviondoa vipande vile kwa mkono wake mwenyewe, lakini palikuwa na kimya.

Kama sinema yenu haina kuzama wala kuruka, maoni yangu ni kwamba msihangaike na pazia. Chora ziwa kwa rangi katika karatasi kubwa, weka nyuma ya meli, piga picha. Itapendeza, na haitakula shavu la nahodha.

Kuunganisha mahali na mtu si jambo la jana. Mwaka 1951 ilitengenezwa sinema iitwayo The African Queen, kutokana na kitabu cha C. S. Forester cha mwaka 1935. Ni hadithi ya vita vile vile, na husemwa kwamba meli ya Kijerumani iliyomo imetokana na Graf von Götzen yetu. Wachezaji wakubwa, Humphrey Bogart na Katharine Hepburn, walikuja kweli Afrika, na picha nyingi zilipigwa Uganda na Kongo. Lakini kila mnapowaona wamo ndani ya maji, wamo katika matangi ya studio ya Isleworth, London, kwa kuwa maji ya huku yalihesabiwa kuwa ya hatari. Na palipokuwa na picha ya kuunganishwa, sehemu ya mbele ilipigwa studioni. Mto ni wa Afrika, mtu yuko Uingereza, na mtazamaji huviona pamoja. Hakuna aliyeibiwa, maana aliyelipa kiingilio alijua anakwenda kutazama hadithi.

Turudi kwa mama yetu. Tulipomaliza sinema, alitoa simu yake akaitazama tena ile picha ya mtu wa mkopo, safari hii taratibu, akiisimamisha na kuiendesha. Akaniita. "Mwalimu, mwanangu, tazama. Bendera inapepea, lakini tai ya huyu mtu haitikisiki hata kidogo. Na jua liko upande wa kushoto wa jengo, ila uso wake unang'aa upande wa kulia. Na miguu yake hawakuionyesha." Mimi nilikuwa nimeitazama picha ile mara tatu nisione hata moja la hayo.

Lazima niwaambieni jambo jingine, ingawa lapunguza utamu wa ushindi huo. Siku hizi kompyuta zaweza kumkata mtu kutoka katika picha pasipo pazia lolote, na nyingine hutunga mtu mzima, uso na sauti, ambaye hajapata kuzaliwa. Kingo za kijani hazitakuwapo, na tai itapepea. Kwa hiyo mama aliponiuliza, "Basi nikiona nyingine isiyo na kasoro, niiamini?" nilimjibu hapana. Nilimwambia kwamba jengo lile liko Kasulu, mwendo wa dakika ishirini kutoka kwake. Ofisi yoyote inayotoa mkopo ina mlango, na nyuma ya mlango kuna karani, na karani ana stakabadhi. Akafikiri kidogo, akasema kwamba nauli ya bodaboda kwenda na kurudi ni ndogo kuliko shilingi 40,000. Hesabu hiyo aliifanya kichwani, na miezi mitano nyuma alikuwa hajui kuandika 40.

Fedha zake hazijarudi. Amekwisha toa habari kituo cha polisi.

Sasa shikeni kalamu, nitawapa hesabu ya juma hili. Meli ya udongo ina kimo cha sentimita 9. Imewekwa juu ya rundo la vipande vya karatasi ngumu, na kila kipande kina unene wa milimita 1. Kila baada ya picha moja, mnaondoa kipande kimoja. Je, mtaondoa vipande vingapi mpaka meli yote izame? Na kama ni picha 12 kwa sekunde, kuzama kutachukua sekunde ngapi? Kumbukeni sentimita 1 ni milimita 10. Mwalimu wa darasa asiwape jibu. Waacheni wapimane wenyewe. Juma lijalo, saa hii hii, tutasahihisha pamoja.

Kwaherini.